Kwa Adventina, Kuhusu Kinyaa na Nguo za Kufua

Adventina mwanangu,

Umeenda kuaga kwa shangazi zako, na najua hawatakuachia mpaka wakushindilie ndizi za bitoke na maneno. Baba yako yuko njia panda, anahakikisha kama lori la kahawa litapita kesho asubuhi kama lilivyoahidi. Nimebaki mimi na bibi yako, amelala kwa upande wake ule mzima, na kalamu yako uliyoiacha mezani. Nimeona nikae niandike, maana jana uliniuliza swali nikalikwepa.

Ulikuwa pale kwenye sakafu ya kufulia. Nilikuona ukiinua shuka la bibi yako kwa ncha ya kijiti, uso umeugeuzia kwenye mibuni, ukalidondosha ndani ya karai kama mtu anayetupa nyoka aliyekufa. Ukatema mate. Kisha ukaniuliza, "Mama, kwani wewe huoni kinyaa?" Nikakwambia ongeza maji.

Sikukasirika. Nilikwepa kwa sababu jibu lake ni refu, na nusu yake ni mambo ambayo mama hamwambii binti yake akiwa anamtazama usoni. Nayaandika kwa Kiswahili, hiki cha shule ya misheni, chenye makosa utakayoyaona. Kwa Kinyambo nisingeweza. Kila neno ningesikia sauti ya marehemu mama yangu ikiniambia nifunge mdomo.

Kuhusu namna ya kuishi huko hospitalini unakokwenda kuuguza wagonjwa, nani wa kumwamkia kwanza, kula na nani, kusali saa ngapi, shangazi zako wamekwisha kukueleza mpaka umechoka. Sina la kuongeza. Sabuni umeweka, pasi watakuwa nayo. Mimi nakuandikia jibu la swali lako tu.

Naona kinyaa, mwanangu. Naona kuliko wewe. Pua yangu haijawahi kufa ganzi hata siku moja. Kola ya baba yako ikinipita karibu siku ya mvua, najua amekaa na nani na walikunywa rubisi ya ndizi gani. Vitambaa vya watoto vilivyolala usiku kucha na maziwa yaliyoganda, nguo ya kichwa ya mtu mwenye mba, soksi za yule mwalimu tuliyempangisha chumba, Mungu anisamehe, zile soksi zilisimama zenyewe. Yote hayo yananichafua roho. Lakini hakuna kinachonitia kichefuchefu kama sabuni ya maua, ile yenye kuwekwa manukato ili mtu asijue kilichokuwepo chini yake. Baba yako aliwahi kuniletea kutoka duka la Mwarabu akidhani amenifurahisha. Nilimpa jirani. Baba yako hakujua kwa nini, na sikumweleza, ingawa nadhani alikisia.

Wewe unajua kwamba nilizaliwa Ndama, nikaolewa hapa Kamuli. Hujui kwamba hukuwa mzaliwa wangu wa kwanza. Kabla ya vita kubwa ya juzi, ile ya pili ya Wazungu, kabla hujafikiriwa, nilikuwa na mimba ya mtoto wa kiume. Nilikuwa mdogo, mdogo kuliko wewe leo, na nyonga zangu zilikuwa bado za msichana. Tulikuwa tunakaa kwenye msonge, ile nyumba ya nyasi ya babu yako, sakafu yake imetandikwa majani makavu kama ilivyokuwa desturi. Uchungu ulinishika, ukakaa, ukagoma kuondoka. Jua lilizama na kuchomoza na mimi bado napiga magoti nimeshika nguzo. Wanawake walinikanda, wakanipa dawa, wakanigombeza kwamba nambana mtoto makusudi. Alipotoka alikuwa amekwisha kufa. Walimfunga wakamzika nyuma ya migomba, mimi sikuonyeshwa.

Nililia kwa ajili yake, lakini hata machozi hayajakauka nikagundua jambo jingine. Nilikuwa nimelowa. Nikabadilisha nguo, nikalowa tena. Nikidhani ni damu, nikatazama, si damu. Mkojo ulikuwa unatoka wenyewe, nikiwa nimekaa, nimesimama, nimelala, bila kuniomba ruhusa. Kumbe mtoto alipokwama muda ule wote, alikuwa amenichana ndani. Hilo nilikuja kulielewa baadaye sana. Wakati ule nilijua tu kwamba mimi mtu mzima, mke wa mtu, niliyesoma darasani na kujua kuandika jina langu, nimerudi kuwa mtoto mchanga.

Nataka ujue harufu ile ilivyokuwa, kwa sababu huko uendako utakutana nayo na wenzako watajifanya hawaisikii. Inaingia kwenye majani ya sakafuni na kubaki humo. Inaingia kwenye ukuta. Ukiwa nayo unaisikia asubuhi kabla hujafumbua macho. Nzi wanakuwa ndugu zako. Mapaja yanababuka, yanatoa maji, ukitembea unatembea kama bata. Nilijichukia. Nilikuwa nikijinusa vidole na kutamani kuvikata.

Na katika kujichukia huko nikafanya mambo ya kipumbavu, ambayo ndiyo hasa ninayotaka uyajue.

La kwanza, niliacha kunywa maji. Nilifikiri, kisipoingia kitu hakitatoka kitu. Nikawa naishi kwa kulamba lamba, midomo imepasuka. Mkojo haukukoma. Ulikuja mchache, mweusi, mkali kama maji ya majivu, na harufu ikawa mara mbili ya ile ya mwanzo. Nikaona haijatosha, nikapunguza tena.

La pili, nilificha nguo. Nilikuwa na vipande vya kaniki na vya mbugu, nguo ya gome la mti, ambavyo nilivivaa kwa ndani kimoja juu ya kingine. Nilikuwa navifua kijuujuu usiku usiku, bila sabuni maana sabuni ingeulizwa imekwenda wapi, kisha navianika katikati ya migomba, pale penye kivuli, mtu asivione. Nguo iliyofichwa haikauki, mwanangu. Inavunda. Nilikuwa nikivaa kitu kibichi, chenye ukungu, chenye mayai ya nzi, juu ya kidonda. Nilipata majipu kiunoni, na katika kila jipu alitoka funza mweupe, mnene, anayejinyonganyonga. Niliwakamua mwenyewe nikiwa nimeng'ata kitambaa. Unashangaa kwa nini nilikupigia pasi nepi zako zote, hata zile kuukuu, mpaka shangazi yako akasema namaliza mkaa wa watu. Sasa unajua.

Bibi yako alikuwa wa kwanza kusema. Alikuwa na nguvu wakati huo, mwanamke mrefu, msafi kupita kiasi, nyumba yake ilikuwa inanukia majani mabichi. Mwanzo alibadilisha majani ya sakafuni mara kwa mara bila neno. Kisha akaanza kubadilisha huku anaguna. Siku moja akanitolea mkeka wangu nje, akaupeleka kwenye banda la kuni.

"Utalala humu," akaniambia. "Wageni wakija siwezi kuwaambia kila mara kwamba mbuzi ameingia ndani."

Nikamjibu, "Ndiyo, mama."

Kwenye chemchemi nako mambo yalikuwa hivyo hivyo. Kulikuwa na mawe ya kufulia, makubwa, laini, kila mwanamke na jiwe lake, na langu lilikuwa karibu na mwanamke mmoja tutakayemwita mama Venanti. Tulikuwa marafiki. Tulikuwa tumeolewa msimu mmoja. Siku hiyo niliposhusha furushi langu, akainuka, akasogea na nguo zake mpaka upande wa pili. Wengine wakafuata. Hawakunitukana. Walifunika pua kwa ncha za leso zao, na wakaendelea kuzungumza habari za mtu aliyekuwa amenunua baiskeli.

Mwishoni mama Venanti akasema, bila kunitazama, "Dada, si ungefulia kule chini? Hapa tunachota maji ya kunywa."

Nikamwambia, "Mbona na wewe unafua hapa?"

"Za kwangu ni jasho," akasema. Wakacheka.

Kule chini ni pale ng'ombe wanaponyweshwa. Matope yamechanganyika na mavi mpaka magotini, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Nilifulia huko. Nguo zilitoka chafu kuliko zilivyoingia. Nilisimama ndani ya mavi ya ng'ombe nikasikia kicheko chao kinashuka na maji, na nakuapia, Adventina, kinyaa nilichokisikia saa ile hakikuwa cha mavi. Mpaka leo nikikutana na mama Venanti kanisani namwamkia, ananiitikia, na kinyaa kile kinarudi.

Wakakaa kikao cha ukoo. Mimi nilikuwa bandani lakini mlango wa banda ni mabua, nilisikia kila kitu. Walikuwa wanakunywa rubisi. Baba yako mdogo mmoja akasema nimelogwa. Mwingine akasema wa kwetu Ndama walijua nina ubovu wakanyamaza. Ndipo bibi yako akasema, kwa sauti ya upole kabisa, sauti ya mtu anayemshauri mwanawe kuhusu ng'ombe, "Mrudishe kwao, mwanangu. Mke hanuki namna hii. Utaoa mwingine."

Nilisubiri baba yako aseme kitu. Unamjua, maneno yake huwa yanatoka kwa kuvutwa na kamba. Nikaanza kukusanya vitu vyangu gizani, na vilikuwa vichache.

Asubuhi akaja bandani. Nikadhani amekuja kunisindikiza. Akauliza, "Nguo zako ziko wapi?" Nikamwonyesha furushi. Akamaanisha zile nyingine. Nikakataa, nikazikalia. Akanisogeza kama unavyosogeza kuku anayeatamia, akazichukua zote mikononi mwake, akatoka nazo.

Nilimfuata nyuma nyuma kupitia migomba. Kabla hajafika hata bondeni alisimama, akaziweka chini, akashika mgomba, akatapika. Alitapika kila alichokula. Niliona mgongo wake unavyopanda na kushuka. Kama kuna siku nilitaka kufa ni ile. Nikajitokeza nikamwambia, "Ziache. Nitakwenda kwetu leo."

Akajifuta mdomo kwa jani. Akaniambia, "Zinanuka."

"Najua. Unanichukia."

"Nachukia harufu," akasema. "Usijichanganye nayo." Akaokota nguo, akashuka.

Hakwenda kwa ng'ombe. Alikwenda kwenye chemchemi, kwenye jiwe langu, mchana, wanawake wote wakiwepo. Alikuwa hajui kufua. Alikuwa anazipiga nguo kama mtu anayeua nyoka, maji yanamrukia usoni. Wanaume waliokuwa wanapita na kahawa wakasimama juu ya njia kutazama sinema. Mmoja akapaza sauti, "Wewe bwana! Kumbe umeolewa?"

Baba yako akajibu bila kuinua kichwa, "Ndiyo, ila mahari yangu bado haijaletwa. Mwambie baba yako aharakishe."

Huo ndio mzaha pekee ninaoukumbuka kutoka kwa baba yako katika miaka yote hii. Alirudi tena kesho yake, na kesho yake tena. Alitapika mara nyingi. Hakuzoea. Watu watakwambia mtu huzoea. Mimi sikuona akizoea. Alikuwa anakwenda pembeni, anamaliza, anarudi kazini. Na hakunifanyia uso wa tabasamu hata mara moja. Ningelijua ni la uongo.

Mwinjilisti mmoja aliyekuwa anapita kuelekea Uganda ndiye aliyetuambia kwamba ng'ambo ya mto Kagera, mbali kidogo, kuna hospitali ya misheni na daktari anayeshona wanawake wa namna yangu. Mimi nilikuwa nadhani niko peke yangu duniani. Aliposema "wa namna yako" nilikaa chini. Kumbe tuna namna yetu!

Tulikwenda kwa miguu, na mahali pengine nilibebwa kwenye baiskeli ya watu. Kwenye mto, wenye mtumbwi walinusa, wakanitandikia mafunjo mabichi mwishoni kabisa, wakaniambia nisisogee. Abiria mmoja akaomba ashuke asubiri mtumbwi mwingine. Baba yako akakaa pale kwenye mafunjo yangu, ubavu kwa ubavu na mimi, suruali yake ikalowa.

Hospitalini alinipokea mhudumu mmoja wa kike, mtu mzima, mnene, mwenye kuhema akitembea. Lugha yake ilikuwa karibu sana na yetu, tulisikilizana. Alinivua nguo zile kwa mikono yake, moja baada ya nyingine, ile ya ndani kabisa ilikuwa imegandamana na ngozi akailowanisha kwanza. Nilikuwa namtazama usoni nikitafuta kile nilichokizoea. Alikunja pua! Alikunja waziwazi, akasema, "Duh, mwanangu, umeteseka." Akaendelea. Nilianza kulia kwa sauti kama mtoto, kwa sababu alikuwa ameisikia harufu na hakuondoka.

Kisha akaniletea kikombe cha maji. Nikakataa.

"Kunywa."

"Nikinywa mkojo unatoka."

"Usipokunywa unatoka sumu. Unajiunguza mwenyewe. Hujioni mapaja?"

Nikanywa. Nilikunywa siku ile mpaka tumbo likalia. Na harufu ikapungua, mwanangu, ndani ya muda mfupi tu ikapungua, bila upasuaji, bila dawa. Muda wote ule nilikuwa nimejikausha koo kwa ujinga na hakukuwa na mtu wa kuniambia, kwa kuwa ili akuambie lazima akukaribie.

Pale ndipo nilipoona mambo ambayo wewe utayaona ya kawaida. Bomba unalolifungua maji yanakuja, unalifunga yanatii. Pipa kubwa la kuchemshia mashuka, moto chini yake, mvuke, mtu anakoroga kwa mti kama anayepika uji wa jeshi zima. Kamba ndefu juani, na juu yake nguo za wagonjwa zote hadharani, vitambaa vyetu vile vile tulivyokuwa tunavificha migombani, vyeupe, vinapiga kelele na upepo. Nilikuwa naburuza miguu mpaka pale ili nivitazame tu. Tulikuwa wanawake wengi, tumetoka kila upande, na hakuna aliyejua kitambaa kipi ni cha nani.

Daktari alinishona. Mara ya kwanza haikushika, nikalowesha kitanda tena, nikaona basi, ndiyo imekwisha. Akanishona tena. Nililala chali wiki nyingi. Halafu ikaja asubuhi moja nikapapasa chini yangu na mkono ukarudi mkavu. Nikapapasa tena. Nikanusa mkono. Ulikuwa unanuka sabuni ya mche, ile ya kawaida, chungu, isiyo na ua lolote.

Daktari alisema nikipata mimba nyingine nirudi kabla ya uchungu, mtoto atolewe kwa kisu. Ndiyo sababu wewe ulizaliwa Uganda. Shangazi zako walikwambia tulikuwa tumekwenda kufanya biashara. Biashara gani na tumbo lile?

Niliporudi Kamuli nilishuka chemchemini. Mama Venanti alisogea akanionyesha jiwe langu. "Karibu, dada. Tulikukosa." Nilimtazama, nikachota maji ya kunywa, nikapanda nayo juu. Sijafulia pale tena mpaka leo. Nilikuwa najitwisha maji kichwani kutoka bondeni hadi nyumbani, safari juu ya safari, ili tu nisifue mbele ya macho yale. Watu waliniona mwenda wazimu. Shingo iliniuma. Labda nilikuwa mwenda wazimu kidogo.

Kahawa ilipokuja kupata bei, wenzake baba yako walinunua redio na makoti. Yeye akavunja msonge, akajenga nyumba hii ya bati. Wakasema ana majivuno. Hawakumwona alivyokuwa anazunguka paa wakati wa mvua, anapima kwa macho maji yanadondokea wapi. Bati halikuwa la kutuhifadhi kichwa, nyasi zilikuwa zinatosha. Bati lilikuwa la kukinga maji. Akapinda mabati mengine yakawa mfereji chini ya paa, akaweka mapipa, akamwaga sakafu ya saruji yenye mteremko. Akanifungia kamba mbele ya nyumba, si nyuma. Nilimwomba mimi. Shangazi yako mkubwa alisema ni aibu kuanika nguo za ndani zinazoonekana barabarani. Nikamwambia apite njia nyingine.

Umekulia katika starehe hizo hujui ni starehe. Unatumbukiza karai kwenye pipa unachota, unalalamika maji yana majani. Sikulaumu, nilitaka ukue bila kujua. Lakini kila mvua ya kwanza inapogonga bati na pipa likaanza kuimba, mimi huacha ninachokifanya.

Sasa bibi yako. Unajua kwamba alianguka shambani akapooza upande, na kwamba tangu hapo hawezi kujizuia. Watoto wake wa kike walikuja, wakalia, wakaondoka. Nikabaki mimi. Watu wa kanisani wananisifu, wanasema nimemsamehe, nina moyo wa dhahabu. Hilo nalo linanitia kinyaa. Sijamsamehe, Adventina. Nimejaribu, halikuja. Namfulia tu.

Siku ya kwanza niliyomvua nguo aling'ang'ania shuka kwa ule mkono wake mmoja. "Acha," akasema. "Nitafua mwenyewe."

"Huwezi, mama."

"Basi usinitazame."

Nikageuka upande. Nilimsafisha nikiwa natazama ukuta. Ilikuwa inanuka, nami nilitoka nje nikashika ukuta, nikatapika kama baba yako kule migombani, nikarudi. Alinisikia. Akauliza, kwa ile sauti yake iliyoharibika ambayo wewe huwa unaniomba nikutafsirie, "Na wewe ulikuwa unajisikia hivi? Kule bandani?"

"Ndiyo, mama."

Nikalowanisha kitambaa, nikakikamua. Halafu akasema, "Sikujua."

Ningeweza kumwambia basi, yamepita. Ndivyo mtu mwenye adabu angesema, na ndivyo nilivyotaka kusema. Nikamwambia, "Ulijua, mama."

Hakukataa. Alifumba macho, akaninyooshea mkono ule mzima ili nimgeuze, nikamgeuza, nikaanza kumsugua mgongo. Toka siku ile hatujawahi kuwa na mazungumzo mengine juu ya jambo hilo, na toka siku ile hajaficha shuka tena. Akichafua ananiita.

Basi mwanangu, huko hospitalini ukisikia kichefuchefu, sikia. Toka nje utapike kama ni lazima. Usijipake manukato wala usijichekeshe kwa mgonjwa, atakuona. Rudi ndani tu.

Nasikia sauti zenu bondeni, naona mmekutana njiani, baba yako anabishana na wewe juu ya mzigo. Nenda salama, Mungu akuvushe kila mto. Ukipata nafasi, utuandikie kama huko maji ni ya bomba au ya kuchota.

Ni mimi mama yako,
Kokugonza